Kilo 97 au kilo 125: ulinganisho kwa mwanamieleka mzito wa mtindo huru

Mvulana wa miaka 17 mwenye kilo 107 hana cha kuchagua anapoingia mashindano ya kimataifa ya mieleka ya mtindo huru, kwa sababu kitengo cha chini ya miaka 17 kina daraja la kilo 110 linalomfaa kama kiatu kilichopimwa mguuni. Shida humpata anapofikisha miaka 18. Katika kitengo cha chini ya miaka 20, na baadaye cha wakubwa, daraja la kilo 110 halipo. Chini yake lipo la kilo 97 na juu yake lipo la kilo 125, na kati ya hayo mawili pana pengo la kilo 28, ambazo ni uzito wa pakiti kumi na nne za unga wa kilo 2. Kijana aliyekuwa mkubwa kati ya wenzake hujikuta ghafla ni mnene kwa daraja moja na mdogo kwa jingine.

Makala haya yanamhusu kijana huyo, na mkubwa wake pia: mwanamieleka wa Nairobi mwenye uzito wa kati ya kilo 100 na 115 anayetaka kushindana nje ya nchi na bado hajaamua atasimama upande upi. Mwenye kilo 95 au mwenye kilo 122 ameshaamuliwa na mwili wake. Nimekaa na vijana kadhaa wa aina hii baada ya mazoezi, wengine wakiwa na wazazi wao, na nimeona jinsi uamuzi huu unavyofanywa kwa haraka, mara nyingi kwa kutazama mizani ya siku moja tu. Kosa hilo hugharimu miaka.

Nitayalinganisha madaraja haya mawili kwa vigezo vitano: mwili na mizani, mchezo wenyewe mkekani, upatikanaji wa watu wa kufanya nao mazoezi hapa Nairobi, chakula na afya, na mwisho njia ya kwenda nje pamoja na riziki. Vigezo havina uzito sawa kwa kila mtu. Kwangu mimi cha kwanza na cha tatu ndivyo vinavyoamua mambo mengi, kwa hiyo nitakaa navyo zaidi.

Kanuni zinazowabana wote wawili

Pambano lina vipindi viwili vya dakika 3, na mapumziko ya sekunde 30 katikati. Kumwangusha mpinzani na kumdhibiti ni pointi 2, kumgeuza mgongo uelekee mkeka ni pointi 2, kumsukuma nje ya duara ni pointi 1, na mtupo mkubwa wa kumwinua huleta pointi 4 au hata 5. Anayemzidi mwenzake kwa pointi 10 hushinda papo hapo, na anayeyagusisha mkekani mabega yote mawili ya mwenzake humaliza kazi bila kujali hesabu.

Kanuni yenye uzito mkubwa kwa uamuzi wetu ni ya mizani. Tangu mwaka 2018 kila daraja hushindaniwa kwa siku mbili, na upimaji hufanyika asubuhi ya siku yenyewe ya mapambano. Atakayefika siku ya pili, iwe kwa fainali au kwa kupigania shaba, hupimwa tena asubuhi. Baadhi ya mashindano ya mwaliko huruhusu kilo 2 za ziada, lakini mashindano ya bara, ya dunia na ya Olimpiki hayaruhusu hata gramu. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024, Vinesh Phogat wa India aliyekuwa amefika fainali ya wanawake ya kilo 50 alizidi kwa gramu 100 asubuhi ya pili. Aliondolewa, akawekwa nafasi ya mwisho katika daraja lake, na medali ikampita.

Mwili na mizani

Kilo 97. Daraja hili linamfaa mtu ambaye, akila vizuri na kufanya mazoezi kwa wiki kadhaa, mwili wake unatulia kwenye kilo 99 hadi 102. Mtu huyo atashuka kwa kupunguza chumvi na wanga katika siku za mwisho, atafanya jasho kidogo, na asubuhi ya pili hatakuwa na hofu. Mwenye kilo 106 yuko katika hali tofauti kabisa. Anahitaji kuondoa kilo 9, karibu asilimia 8.5 ya mwili wake, na zile za mwisho hazitoki kwenye mafuta, zinatoka kwenye maji ya damu na misuli. Zamani, upimaji ulipokuwa siku moja kabla ya pambano, mtu aliweza kujikausha usiku na kujijaza mchana. Sasa anapimwa asubuhi, anapigana siku hiyo hiyo, kisha analala na njaa ili apimwe tena.

Hatari yake si ya kubuni. Mwaka 1997 wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda wa wiki chache wakijaribu kupunguza uzito kwa ajili ya mieleka, na baada ya hapo vyuo vikapiga marufuku mavazi ya mpira na vyumba vya mvuke kwa kazi hiyo. Daniel Cormier, aliyeshika nafasi ya nne katika Olimpiki ya Athens ya 2004 kwenye kilo 96, alifika Beijing mwaka 2008 akiwa miongoni mwa waliotarajiwa kupata medali, lakini figo zake zilishindwa kwa sababu ya kupunguza uzito na hakupigana hata pambano moja. Alikuwa na madaktari na makocha wa taifa tajiri kando yake. Kijana anayekimbia barabara ya Thika saa sita mchana akiwa amevaa mifuko ya plastiki chini ya tracksuti hana hata mmoja wa kumshika akianguka.

Kilo 125. Hapa mizani haina vitisho. Mtu wa kilo 112 anakunywa chai na mkate asubuhi ya upimaji, na anaingia mkekani akiwa na nguvu zake zote. Hiyo ni faida kubwa, na wengi huidharau. Bei yake hulipwa kwingine: mpinzani anaweza kuwa amemzidi kwa kilo 13, na kilo hizo zote zitakuwa juu ya shingo yake wakati wa kushikana. Kwa maoni yangu, mtu mzima aliye chini ya kilo 108 asiingie daraja hili kwa mashindano ya kimataifa isipokuwa ana mpango wa kuongeza misuli ndani ya mwaka mmoja au miwili. Aliye na kilo 112 na zaidi anaweza kuanza leo.

Historia inasaidia kuondoa dhana moja hapa. Wako wanaodhani kuwa daraja la juu ni mahali pa watu wa vitambi, na zamani dhana hiyo ilikuwa na msingi kidogo: Chris Taylor wa Marekani, aliyepata shaba ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alikuwa na zaidi ya kilo 180, kwa kuwa wakati huo daraja halikuwa na kikomo cha juu. Kikomo cha kilo 130 kiliwekwa katikati ya miaka ya themanini, kikashushwa hadi 120 mwaka 2002, na tangu 2014 kiko 125 kwa mtindo huru. Kikomo hicho kimebadilisha umbo la wachezaji. Bingwa wa leo wa kilo 125 ana mapaja, mgongo na pumzi, na asiyekuwa navyo huchoka kabla ya kipindi cha kwanza kuisha.

Mchezo wenyewe mkekani

Kilo 97. Pambano la daraja hili ni la miguu. Mchezaji hushambulia mguu mmoja, akizuiwa hubadilisha upande, na huendelea hivyo kwa dakika 6. Kyle Snyder wa Marekani alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 20 kwa mtindo wa kumchosha mpinzani bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Abdulrashid Sadulaev wa Urusi alitwaa dhahabu ya kilo 86 huko huko Rio, akapanda, kisha akamshinda Snyder katika fainali ya kilo 97 ya Olimpiki ya Tokyo. Akhmed Tazhudinov wa Bahrain alichukua ubingwa wa dunia mwaka 2023 na dhahabu ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 21. Ukiwatazama watatu hawa utaona kuwa hakuna anayetegemea uzito. Wanategemea kasi, na wanaweza kuirudia mara kumi. Kijana anayependa kushambulia na mwenye mapafu ya mkimbiaji atajisikia nyumbani hapa, mradi tu asiwe ameyaacha mapafu hayo kwenye mizani.

Kilo 125. Hapa mikono na kichwa hufanya kazi kwanza. Sehemu kubwa ya pambano ni kugombea shingo, kusukumana, na kumtoa mwenzako nje ya duara kwa pointi moja. Shambulio baya la mguu linaweza kukugharimu, kwa sababu mtu wa kilo 125 akikulalia mgongoni hutoki upesi. Lakini kadiri miaka inavyosonga daraja hili limekuwa la haraka kuliko wengi wanavyolifikiria. Katika fainali ya Tokyo, Gable Steveson wa Marekani alikuwa nyuma 8–5 dhidi ya Geno Petriashvili wa Georgia zikiwa zimebaki sekunde 13, akamwangusha mara mbili, akaongezewa pointi 1 baada ya rufaa ya Georgia kukataliwa, na kushinda 10–8. Mashambulizi mawili kamili ndani ya sekunde 13 kutoka kwa mwanamieleka wa daraja zito kabisa: hilo lilinifanya nibadilishe namna ninavyowafundisha wazito kushika miguu.

Petriashvili mwenyewe ni somo la subira linalolifaa daraja hili. Alipata shaba Rio, akapata fedha Tokyo kwa maumivu hayo niliyoyaeleza, na Paris akamshinda Amir Hossein Zare wa Iran 10–9 kwa dhahabu akiwa na miaka 30. Taha Akgül wa Uturuki, bingwa wa Rio, aliongeza shaba ya Tokyo na ya Paris. Wazito wa kilo 125 hudumu. Bruce Baumgartner wa Marekani alipata medali katika Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1996. Kijana wa miaka 19 anayeshindwa leo na wanaume wa miaka 28 asidhani kuwa wakati umempita, kwa kuwa katika daraja hili wakati wake bado haujafika.

Wa kushikana naye hapa Nairobi

Kigezo hiki hakitajwi na makocha wa nje, kwa sababu kwao si tatizo. Kwetu kinaweza kumaliza safari ya mtu kabla haijaanza.

Kilo 97. Katika kumbi nyingi za mazoezi jijini, wanamieleka wengi wako kati ya kilo 60 na 86. Mwenye kilo 100 anaweza kufanya kazi ya maana na mwenye kilo 86 au 92: huyo wa pili ana kasi zaidi, na kasi ndiyo anayohitaji kuizoea. Akipata wawili au watatu wa namna hiyo, ana kambi. Wanaovichezea vikosi vya ulinzi na usalama huwapata kwa urahisi zaidi, kwa kuwa vikosi huwakusanya wanamichezo mahali pamoja na kuwapa muda wa mazoezi.

Kilo 125. Mwenye kilo 115 anaweza kukaa mwezi mzima bila kumshika mtu wa uzito wake. Akifanya mazoezi na mwenye kilo 75, mmoja kati yao anadanganywa: ama mzito anajifunza kushinda kwa kulala juu ya mtu, ama mwepesi anaumia. Nimemwona kijana mwenye kipaji aliyeshinda kila mtu ukumbini kwa miaka miwili, kisha akasafiri nje mara yake ya kwanza na kugundua kuwa hajawahi kusukumwa nyuma maishani mwake. Alishindwa kwa tofauti ya pointi 10 kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Kosa halikuwa lake.

Dawa ipo, lakini inahitaji kutafutwa kwa bidii. Vilabu vya raga vilivyo kando ya barabara ya Ngong vina maprop, yaani wachezaji wa safu ya mbele, wa kilo 110 na zaidi ambao kazi yao yote ni kusukumana. Mara moja kwa wiki pamoja nao kwa mazoezi ya shingo na nafasi ya mwili ni msaada mkubwa, nao wakijifunza namna ya kuangusha mtu wanafaidika vilevile. Wachezaji wa judo wa zaidi ya kilo 100 ni msaada mwingine, ingawa judo imekataza kushika miguu tangu 2013, kwa hiyo watakufundisha mitupo ya juu na usawa wa mwili, si ulinzi wa mapaja. Kijana asiyeweza kupanga haya, au asiye na kocha wa kumpangia, awe mkweli na nafsi yake kabla ya kuchagua kilo 125.

Kuna jambo moja ambalo madaraja yote mawili hulipata bure. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mtu mzito huteseka zaidi kwa hewa hafifu anapofanya mazoezi hapa, lakini pumzi anayoijenga Kasarani humfaa anaposhuka kushindana Alexandria ya Misri au Hammamet ya Tunisia.

Chakula na afya

Kilo 97. Gharama ya chakula si kubwa kwa wingi, ni kubwa kwa uangalifu. Mtu huyu anahitaji kula vizuri mwaka mzima asinenepe, na hilo ni gumu katika nyumba ambamo chungu ni kimoja na ugali ndio msingi wa mlo. Maharagwe, ndengu, omena, mayai na sukuma wiki vinatosha kumjenga. Kinachomharibia ni chapati na soda za jioni baada ya mazoezi, kisha kukimbilia njaa wiki mbili kabla ya safari. Anayepanda hadi 108 na kushuka hadi 97 mara nne kwa mwaka anauchosha moyo na figo zake kwa medali ambazo huenda asizione.

Kilo 125. Hapa gharama ni ya wingi. Mwanamichezo wa kilo 115 anayejenga misuli anahitaji protini ya karibu gramu 200 kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6, kwa hiyo trei nzima ya mayai 30 ingempa gramu 180 tu. Hakuna familia ya kawaida ya Kayole au Kawangware inayoweza kubeba hilo kwa mayai peke yake, na ndiyo maana kunde, maharagwe, njugu, maziwa na omena huwa na thamani kuliko makopo ya unga wa protini yanayouzwa mjini. Ukikosa mpango, kilo zitaongezeka kwa mafuta, na mafuta hayasukumi mtu. Magoti na kiuno huanza kulalamika mapema, na shinikizo la damu linapaswa kupimwa kila baada ya miezi michache hata kwa kijana.

Tukiwa kwenye makopo, niseme wazi jambo linaloyahusu madaraja yote mawili lakini hasa la juu, ambako kishawishi cha kukua haraka ni kikali. Artur Taymazov wa Uzbekistan alivishwa dhahabu za 2004, 2008 na 2012 katika daraja zito. Sampuli zake zilipopimwa upya miaka mingi baadaye, alinyang'anywa ya 2008 na ya 2012 kwa sababu ya dawa zilizokatazwa. Virutubisho visivyo na asili inayojulikana vinaweza kuwa na kitu ambacho lebo haikukitaja, na mwanamichezo ndiye anayewajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwake. Kila mzazi anayemnunulia mwanawe kopo na alijue hilo.

Njia ya kwenda nje, na riziki

Katika mzunguko wa Olimpiki, kila daraja la mtindo huru hupata wanamieleka 16. Kwa Paris, nafasi mbili katika kila daraja zilitolewa kwa watakaofika fainali ya mashindano ya kufuzu ya Afrika na Oshenia, yaliyofanyika Alexandria mwaka 2024. Maana yake kwa Mkenya ni kuwa mlango ni mwembamba lakini unaonekana kwa macho: ufike fainali moja.

Kilo 97. Ushindani wa bara ni mkali. Misri, Algeria, Tunisia na Nigeria huleta watu waliokwisha kupitia kambi za Ulaya, na wengine hushuka kutoka juu au hupanda kutoka 86. Fainali hapa huhitaji mashindano mengi ya maandalizi.

Kilo 125. Orodha ya washiriki mara nyingi huwa fupi zaidi, na mtu anaweza kuwa nusu fainali baada ya ushindi mmoja. Hiyo ni nafasi halisi, wala si aibu kuitumia. Lakini orodha fupi haina mapambano mepesi ya kujifunzia. Huenda pambano lako la kwanza likawa na bingwa wa bara.

Kwa wote wawili ipo habari isiyopendeza: Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow ya 2026 haikuiweka mieleka katika michezo yake 10. Hayo ndiyo yaliyokuwa mashindano ambayo Mkenya angeweza kuyalenga kwa mantiki zaidi, kwa hiyo mipango ielekezwe kwenye mashindano ya bara na kufuzu kwa Los Angeles 2028.

Njia ya vyuo vya Marekani ina jambo la ajabu linalostahili kujulikana. Huko daraja la juu ni ratili 285, karibu kilo 129, na linalofuata chini ni ratili 197, karibu kilo 89. Mtu wa kilo 100 hana pa kwenda ila juu. Snyder, bingwa wetu wa kilo 97, alishinda ubingwa wa vyuo mara tatu katika daraja la 285 huku akiwa mwepesi kuliko wengi wa wapinzani wake. Kwa hiyo anayetafuta ufadhili wa masomo halazimiki kuamua sasa, ingawa ajue kuwa mtindo wa vyuo hivyo una kanuni zake na utamchukua muda kuuzoea, na kwamba bila matokeo mazuri ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mazungumzo hayaanzi.

Kuhusu kazi, ajira katika jeshi, polisi au magereza ndiyo tegemeo la wanamieleka wengi nchini. Usaili wake una mbio, na mwenye kilo 99 huzimaliza kwa urahisi kuliko mwenye kilo 118. Mwenye kilo 118 hupata upesi kazi ya ulinzi katika kumbi za burudani za Westlands, lakini kazi hiyo humnyima usingizi wa usiku, na bila usingizi misuli haijengeki. Wanaofikiria mapigano ya mchanganyiko baadaye wajue kuwa UFC, shirika kubwa la mapigano hayo, ina kikomo cha takriban kilo 120 kwa wazito na kilo 93 kwa daraja linalofuata. Cormier, baada ya yote yaliyompata Beijing, alikuwa bingwa katika madaraja hayo yote mawili.

Kwa hali yako

Kama una miaka 18 hadi 20, una kilo 104 hadi 110, na bado unarefuka au mabega yako yanapanuka, iache kilo 97. Mwili unaokua hauzuiwi kwa njaa bila kuumia. Shindana kilo 125 kama mwanafunzi kwa misimu miwili, ukikubali kushindwa na watu wazima.

Kama una miaka 22 au zaidi, urefu wako umekoma, na kilo zako 104 zina mafuta yanayoonekana kiunoni, jaribu kwanza kufikia kilo 100 kwa miezi sita ya kula vizuri bila kukausha maji. Ukifika na nguvu zako zipo, kilo 97 ni yako. Ukifika umechoka na unashindwa na watu uliokuwa ukiwashinda, mwili umekujibu.

Kama una kilo 112 na zaidi lakini huna hata mtu mmoja wa uzito wako, tafuta kwanza watu, kisha daraja. Ongea na kocha wako kuhusu vilabu vya raga na judo, au jaribu kujiunga na timu ya kikosi ambacho tayari kina wazito.

Kama nyumbani hakuna uwezo wa kulisha mwili wa kilo 118, na hakuna klabu wala kikosi cha kukusaidia, kilo 97 itakupa nafasi ya haki zaidi, mradi uzito wako wa kawaida usizidi 102.

Kama umewahi kuzimia, kukojoa mkojo wa rangi ya chai iliyokolea, au kuumwa na figo wakati wa kupunguza uzito, usirudie bila daktari kukupima na kukuruhusu, hata kama tiketi ya ndege imeshanunuliwa.

Na kama bado hujui baada ya kusoma yote haya, nunua daftari. Jipime kila asubuhi kwa siku 60 kwenye mizani ile ile, kabla ya kula, ukiwa unafanya mazoezi na kula kama kawaida. Usitumie mizani mbili tofauti. Niliwahi kuona ya bafuni na ya zahanati zikitofautiana kwa kilo 2 kwa mtu mmoja asubuhi moja. Kisha chukua wastani wa siku 20 za mwisho na umpelekee kocha wako.